Jicho lajuaje tuktuk yaenda upande gani?

Swali: Nikisimama Mwembe Tayari tuktuk ikipita najua saa hiyo hiyo yaenda kulia ama kushoto. Si ubongo huo?

Ubongo upo kazini, lakini hesabu ya kwanza yaweza kufanyika ndani ya jicho lenyewe, kwa retina, ule utando wa nyuma ambao unene wake haufiki hata nusu milimita. Mwaka 1963 wanasayansi Barlow na Hill walipima retina ya sungura wakakuta kuna seli zatuma ishara kwa nguvu kitu kikienda upande mmoja, kikirudi kinyume zanyamaza.

Swali: Na hiyo seli yajuaje upande?

Hapa ndo patamu. Seli hiyo yaitwa ganglioni, na ina majirani wenye umbo la nyota, matawi yametanda kila upande, hao waitwa amakrini. Tawi la nyota lashtuka zaidi kitu kikitoka katikati kwenda nchani, halafu lamwaga kemikali ya kunyamazisha iitwayo gaba, lakini haliungani na kila ganglioni ovyo, lachagua zile ambazo upande huo ndo wanaoukataa. Kwa hivo tuktuk ikienda upande uliokatazwa, amri ya kunyamaza yafika mapema seli ikabanwa, ikienda upande wa pili seli inawahi kutoa ishara yake na ile amri aidha imechelewa ama ni dhaifu. Mimi kila nikifikiria hili nasema subhanallah.

Swali: Mtoto wangu macho yamcheza kulia kushoto tangu mchanga, watu wasema ni hasadi. Yahusiana na haya?

Dada yangu, si hasadi, na wala si kosa lako. Yaweza kuhusiana. Kuna jeni, yaani kirithi cha mwilini, iitwayo FRMD7, ikiharibika macho hucheza hivo. Panya waliofanyiwa utafiti uliotoka 2016 jeni hiyo ikiwa na hitilafu, retina yao ilipoteza kujua kulia na kushoto, lakini juu na chini ikabaki sawa. Ila macho kucheza kuna sababu zingine pia, kama mtoto wa jicho, ualbino au shida ya ubongo, usikisie nyumbani, mpeleke kliniki ya macho wampime. Na mtu mzima yakimwanza ghafla, pamoja na kizunguzungu au kuona vitu viwili viwili, huyo ni hospitali siku hiyo hiyo.