Je, wajua kwa nini mwanafunzi yuleyule anaokoka mara nne?

Shuleni nilikuwa mtunza daftari wa feloshipu, kikundi cha wanafunzi walokole. Kazi yenyewe ilikuwa hivi, anakuja mhubiri mgeni jumamosi usiku, bwaloni meza zimesukumwa ukutani, spika mbili zimewekwa kwenye dirisha la jikoni, akimaliza anasema anayetaka kukata shauri aje mbele, wanakuja, wanaongozwa sala ya toba, halafu mimi napita na kaunta buku naandika jina, kidato na bweni. Nimefanya hiyo kazi kuanzia kidato cha pili mpaka cha nne. Na mtu aliyeshika daftari la hivyo anajua kitu ambacho mhubiri hakijui, maana yeye jumapili mchana ameshapanda basi: majina yanajirudia. Kuna dogo mmoja yupo ukurasa wa mwezi wa tatu, yupo wa mwezi wa nane, mwaka uliofuata yupo tena, mara ya nne nikamwandika bila hata kumuuliza jina, akacheka.

Sasa kwa nini? Jibu langu wakati ule lilikuwa moja tu, kwamba mahubiri hayakuingia. Au dogo hakumaanisha, au mhubiri hakuwa na moto wa kutosha, kwa hiyo muhula unaofuata kamati ikae itafute mhubiri mwenye moto zaidi na spika kubwa zaidi. Tulichangishana kweli, hela za sabuni za watu zikaenda kwenye spika. Yaani kichwani mwangu mambo yalikuwa na mpangilio, neno linaingia sikioni, linashawishi akili, akili inabadilisha tabia, halafu mwisho kabisa mtu anabadilisha marafiki. Na si mimi peke yangu, nadhani hata wapinzani wa walokole wanaamini hivyohivyo ila kwa kulalamika, utasikia mzazi anasema "wamemjaza maneno mtoto wangu". Wote tunakubaliana kuwa ni maneno.

Kumbe mpangilio ni wa kinyumenyume, na ulishaonekana kitambo tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wawili wa sosholojia Marekani, John Lofland na Rodney Stark, walikaa na kikundi kidogo sana cha dini karibu na San Francisco. Walikuwa wafuasi wa Sun Myung Moon wa Korea, mwanzilishi wa Unification Church, na aliyekipeleka kule alikuwa mama msomi, Young Oon Kim, aliyewahi kuwa mhadhiri chuo kikuu kwao. Mama huyu alianza kama ambavyo mhadhiri yeyote angeanza, akatoa mihadhara, akajaribu kujitangaza, watu wakasikiliza wakaenda zao. Waliomfuata mwanzo walikuwa akina mama wachache wa nyumbani waliokuwa majirani na marafiki wao kwa wao, kisha waume zao, kisha rafiki wa mume kazini. Wale watafiti walipoandika mwaka 1965 wakasema aliyejiunga ni yule ambaye kamba zake za urafiki na walio ndani zilizidi kamba zake na walio nje. Fundisho lilikuja baadaye.

Kuna kipande kimoja mimi ndio nakipenda zaidi. Wale waongofu walipoulizwa baadaye kwa nini walijiunga, walijibu kuwa fundisho lenyewe lilikuwa na nguvu, huwezi kulikataa. Na hawakuwa wanadanganya, walikuwa wanaamini hivyo kabisa. Shida ni kwamba watafiti walikuwepo tangu mwanzo, na waliwakumbuka haohao wakati bado wanaliona fundisho ni la ajabuajabu. Mtu anaisimulia safari yake upya, anaanza na pale alipofikia. Tangu nisome hicho kipande kila nikisikia ushuhuda unaoanza na "nilikuwa napita tu nikasikia sauti ya mhubiri" nataka kuuliza ulikuwa unapita na nani.

Mwaka 1980 Stark na mwenzake William Bainbridge wakatoa takwimu za wamisionari wa Mormoni jimbo la Washington. Wamormoni wanaandika kila kitu, afadhali yao, daftari langu lilikuwa linaliwa na panya. Wamisionari wakigonga mlango wa mtu wasiyemjua, katika 1,000 anapatikana mmoja. Wakikutana na mtu sebuleni kwa rafiki yake au ndugu yake ambaye ni Mmormoni, ni nusu kwa nusu. Vijana walewale, suti zilezile, maneno yaleyale.

Sasa hii kitu inafanyaje kazi, chukua kikundi cha vicoba, vile vya kuweka na kukopa. Hakuna mama anayeweka elfu tano kila wiki kwa sababu semina ya akiba ilimgusa. Semina alihudhuria, akanywa soda, akarudi nyumbani. Anaweka kwa sababu jumanne saa kumi jioni sanduku litafunguliwa mbele ya mama fulani aliyemkopesha unga na mama fulani aliyemzikia mkwe, na kukosa hela siku hiyo ni aibu yenye sura za watu anaowajua. Baada ya miezi nane muulize, atakueleza umuhimu wa akiba vizuri kuliko yule wa semina, na anaamini kila neno. Imani ipo, ila imefika nyuma ya jumanne. Au fikiria lafudhi, msukuma akikaa Tanga miaka miwili anaanza kuongea kitanga na hakuna siku aliyokaa darasani kufundishwa, alikuwa anakula na watu wa Tanga basi.

Ukiiweka hivyo shule ya bweni unaielewa mara moja. Waliojiunga na mama Kim wengi walikuwa wageni mjini, kamba zao za zamani zimelegea. Na nani ana kamba zilizolegea kuliko mtoto wa kidato cha tano aliyepangiwa shule mkoa ambao hajawahi kukanyaga, ametoka Bukoba yuko Mtwara, ana tranka na ndoo, hajui hata bomba la maji liko wapi? Wa kwanza kumsaidia kubeba tranka mara nyingi ni kaka wa vikundi vya wanafunzi wakristo, wa Ukwata, au wa Casfeta, au kama ni mkatoliki wa TYCS. Hajahubiriwa bado. Ameonyeshwa bomba, ameazimwa pasi, kitanda cha juu kuna mtu anaomba kimya kabla ya kulala, na ijumaa anaulizwa "twende?" Hapo mahubiri yakija yanakuta mtu ambaye ameshahama, yanampa tu maneno ya kuelezea alipo. Umri nao unachangia, Edwin Starbuck aliandika tangu 1899 kuwa uongofu mwingi aliouona ulitokea kati ya miaka 10 na 25, ila yeye alikuwa anaangalia waprotestanti wa Marekani.

Na dogo wa daftari langu? Alikuwa anatoka bwaloni analia machozi ya kweli, mi niliyaona, halafu anarudi bweni lilelile kwa marafiki walewale ambao jumanne wanaruka ukuta kwenda kuangalia mpira. Hawakuwa wabaya wale jamaa, ndio walikuwa watu wake. Tulimpa sala ya dakika mbili tukamuacha na wao siku sita na nusu.

Wahubiri wakubwa walilijua hili, ndio maana inachekesha kwamba sisi tuliiga spika zao tu. Billy Graham, mhubiri wa Marekani, na mikutano yake ya viwanjani alikuwa na utaratibu ulioitwa Operation Andrew, mkristo anaandika majina ya rafiki zake, anawaombea na anakuja nao mwenyewe, kama Andrea alivyomleta Simoni nduguye. Na huku kwetu, uamsho wa Afrika Mashariki watu wanaurudisha mwaka 1929, pale daktari mwingereza Joe Church alipokutana na Simeoni Nsibambi kilimani Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Watu wawili, hamna jukwaa. Baadaye ukasambaa Rwanda, Kagera, Kenya, na kilichoubeba ni vikao vya kila wiki ambako ndugu waliungama mbele ya ndugu, mpaka kwa wengi wao hao ndugu wakashika nafasi ya ukoo, hata mambo ya ndoa wakawa wanasimamia wao. Josiah Kibira, ambaye baadaye alikuwa askofu Bukoba na rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani 1977 hadi 1984, alitoka kwenye uamsho huo.

Je maisha ya kijana yanabadilika kweli? Watafiti wa Harvard, Ying Chen na Tyler VanderWeele, mwaka 2018 walitoa matokeo ya kufuatilia watoto wa manesi wa Marekani, kama 5,000 hivi, na waliokuwa wanaenda ibadani angalau kila wiki utotoni walikuwa na uwezekano pungufu kwa kama asilimia 33 wa kutumia madawa ya kulevya ujanani. Ila tulia kidogo, ni watoto wa manesi, wengi wazungu, na wana wazazi wanaowapeleka kanisani, hujui umepima ibada au umepima mama. Kumhamishia hiyo namba mtoto wa bweni Tabora sithubutu. Na mlokole atakuambia rafiki ni chombo tu cha Roho Mtakatifu, hilo sosholojia haina kipimo chake na mi sibishani nalo.

Ninachoweza kusema ni cha daftari. Dogo alipofika kidato cha tatu mabweni yalipangwa upya, akapewa kitanda cha chini, juu yake analala mpiga kinanda wa kwaya, jamaa mpole, anakoroma vibaya sana. Muhula huohuo ndio nilimwandika mara ya nne. Mara ya tano haipo, na mkutano uliofuata nilipopita mbele na kaunta buku yeye alikuwa dirishani anashusha spika.