Damu baada ya hedhi kukoma si chango: maswali kuhusu saratani ya mlango wa kizazi

Saratani hii ni nini hasa?
Ni uvimbe mbaya unaoota pale kizazi kinapokutana na uke. Chanzo chake, karibu kila mara, ni virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Wengi huvipata na mwili ukavifuta wenyewe. Viking'ang'ania, huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani; kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, miaka 5 hadi 10. Nafasi ya kuiwahi ipo, tena kubwa.

Nina miaka 56. Hedhi ilikoma zamani, sasa naona damu kidogo kidogo. Bibi anasema ni chango.
Si chango, mama. Damu baada ya hedhi kukoma si chango, wala si hedhi iliyorudi. Damu baada ya tendo la ndoa si "mume kaniumiza". Majimaji yenye harufu kali si uchafu wa kuoshwa kwa sabuni na ndimu. Huenda kweli isiwe saratani, lakini wa kusema hivyo ni mhudumu aliyeutazama mlango wa kizazi kwa macho yake, siyo aliyekukanda tumbo ukiwa umelala mkekani.

Mbona siumwi popote?
Ndiyo tabia yake. Mwanzoni hauumi. Kiuno kikianza kuuma usiku kucha na mguu ukavimba, ugonjwa umeshatoka ulipoanzia. Wengi tunaowapokea huku Mtwara, kutoka Newala, Tandahimba na vijiji vya Masasi, hufika katika hali hiyo, wakiwa wameshamaliza chupa za dawa za kunywa, za kujifukiza na za kuweka ukeni. Hizi za kuweka ukeni naomba ziachwe leo. Zinachubua na kuleta maambukizi, na uvimbe unaendelea kukua huku harufu ikifichwa kwa karafuu.

Nisubiri kwanza tuuze korosho?
Hapana. Najua mkono mtupu ulivyo kabla ya mnada, lakini uchunguzi huu kwenye vituo vya serikali haulipiwi. Na tunajua kusubiri kunavyokwenda: mnada, kisha malipo ya chama cha msingi cha wakulima yanachelewa, kisha sikukuu, kisha ada za Januari. Mgonjwa anatufikia Februari.

Miezi hiyo haipiti bure. Saratani inasogea pembeni na kuziba mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Figo zikishadhoofika, sisiplatini, dawa tunayoitegemea kuliko zote, mara nyingi haiwezi kutolewa, kwa sababu yenyewe ni kali kwa figo. Yaani umesubiri hadi dawa yako imekuponyoka. Hapana, usisubiri korosho.

Uchunguzi ukoje?
Dakika chache tu. Tunapaka siki maalumu iliyopimwa kwenye mlango wa kizazi. Palipobadilika panageuka peupe. Kidonda kikiwa kidogo na bado si saratani, tunakichoma siku hiyohiyo na unarudi nyumbani kwako. (Na tafadhali, siki ya kachumbari isitumike kujipima nyumbani.) Panapotia shaka tunachukua kinyama kikapimwe. Tunawahitaji hasa wenye miaka 30 hadi 50. Wenye VVU waanze mapema na warudi mara kwa mara zaidi.

Chanjo ya HPV ya shuleni inafunga kizazi cha binti?
Haifungi. Ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018, na sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mpeleke.

Nasikia mionzi inaua, anayepelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, harudi.
Wapo wasiorudi, na wengi wao walifika wakiwa wamechelewa. Saratani ndogo hukatwa kwa upasuaji. Iliyosogea kidogo hutibiwa kwa mionzi pamoja na sisiplatini, utaratibu ulioenea baada ya majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 1999 kuonyesha kuwa dawa hiyo ikiongezwa kwenye mionzi wanapona wengi zaidi. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la INTERLACE, lililohusisha wanawake 500. Waliopewa kwanza dawa nyingine za saratani, karboplatini na paklitakseli, kila wiki kwa wiki 6, ndipo wakaingia kwenye mionzi na sisiplatini, walikuwa hai 80 katika kila 100 baada ya miaka 5. Wasiotanguliziwa dawa hizo, 72. Angalia basi: hata hao 72 ni wengi. Lakini walioingizwa kwenye jaribio ni wale ambao saratani ilikuwa haijaenea mbali na figo zao zilikuwa bado zinafanya kazi.

Nikianza mionzi Dar, naweza kurudi nyumbani katikati kuokota korosho, kisha nimalizie?
Hapana, hapana. Mionzi ya nje hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa takriban wiki 5, ikifuatwa na ile ya ndani, inayowekwa kupitia ukeni, na yote inatakiwa iishe ndani ya wiki 8. Tafiti zinaonyesha kuwa kadiri inavyovuka hapo, ndivyo saratani inavyopata nafasi ya kurudi. Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo panga kabla hujapanda basi: utafikia kwa nani, nani atabaki na watoto, nauli ya kwenda kliniki kila siku inatoka wapi. Ukiharisha sana au kuishiwa nguvu, mwambie daktari. Wa kusimamisha tiba ni yeye. Korosho zitaokotwa na mume, au kibarua alipwe.