Biashara ya Kilwa: tunayosimuliwa na yaliyokuwapo

Dhana: miji ya pwani ya Waswahili, ukiwamo Kilwa, mji wa kisiwani kusini mwa Tanzania ya leo, ilijengwa na wageni, wenyeji wakawa vibarua. Wachimbuzi wa mambo ya kale huko Shanga, mji uliokuwa kisiwani Pate, Kenya ya leo, walikuta kinyume chake. Mji ulianza karne ya 8 ukiwa kijiji cha nyumba za miti na udongo, na msikiti wa mawe ukaja kusimama juu ya misikiti midogo ya miti. Wageni walikuja kweli, wakaoa, wakabaki. Uchunguzi wa vinasaba vya wakazi wa kale wa pwani uliochapishwa 2023 ulikuta nasaba ya Kiajemi kwa akina baba, ya Kiafrika kwa akina mama. Kwa hiyo masimulizi ya Washirazi, yaani kwamba waanzilishi wa miji walitoka Uajemi, si uzushi mtupu, ila hayatoshi.

Dhana: bara ilikuwa imelala. Hii ndiyo inayonikera zaidi, maana bila bara Kilwa ingebaki kisiwa cha wavuvi. Dhahabu ilitoka uwanda wa juu ulio kati ya Zambezi na Limpopo, ikateremshwa hadi Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, kisha ikapanda kwa majahazi mpaka Kilwa. Kwa nini Kilwa? Pepo. Chombo kilichotoka Uarabuni au India kwa kaskazi kilifika Kilwa na kuwahi kurudi kwa kusi; kikiendelea hadi Sofala, msimu ungekipita. Hapo katikati ndipo masultani walipotoza ushuru. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na sarafu yenye jina la sultani huyo imeokotwa Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa mawe huko bara, mamia ya kilomita kutoka baharini. Huko huko bara, shanga za kioo na vitambaa vya ng'ambo viliwapa wakubwa njia ya kujitenga na watu wa kawaida: Mapungubwe, mji wa kale karibu na Limpopo, karne ya 13, mtawala aliishi juu ya kilima na raia wake chini.

Dhana: ilikuwa biashara ya watumwa tu. Watumwa waliuzwa, hakuna sababu ya kuficha. Lakini wimbi kubwa la pwani hii ni la karne ya 18 na 19. Kabla yake zilisafiri dhahabu, pembe za ndovu, boriti za mikoko kwenda Ghuba, na chuma ambacho mwanajiografia al-Idrisi, karne ya 12, aliandika kuwa kilitakiwa sana India.

Na Wareno hawakufungua njia yoyote: mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa rubani Malindi ndipo akafika Calicut, India. Mwaka 1505 wakaipora Kilwa na kuishika Sofala ili dhahabu yote iwe yao. Wafanyabiashara Waislamu wakahamishia shughuli Angoche, kaskazini mwa Sofala, na dhahabu ikaendelea kupita pembeni mwa Wareno.