Dawa ya Kupaka Inayosimamisha Jino Kuoza: Maswali na Majibu

Ni dawa gani hii?
Ni kimiminika chenye madini ya fedha, floraidi na amonia, kiitwacho silva daiamini floraidi. Inayotumika zaidi ina nguvu ya asilimia 38. Japani iliiruhusu tangu 1970, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Inafanyaje kazi?
Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huchomoa madini ya jino mpaka linalainika. Fedha huwaua hao bakteria. Floraidi nayo husaidia kalisi na fosfeti zilizomo kwenye mate kurudi mahali palipolainika, pakawa pagumu tena. Vijitundu vya ndani ya jino navyo huziba, ndiyo maana ganzi ya maji baridi hupungua.

Mtoto ataumia?
Hapana sindano, hapana mashine ya kutoboa. Midomo hupakwa mafuta ya mgando, pamba huwekwa pembeni kuzuia mate, jino hukaushwa, kisha tone moja hupakwa kwa kiburashi chembamba kwa takriban dakika moja. Mtoto anaweza kukunja uso kwa ladha ya chuma, basi. Kwa mtoto anayeogopa kiti cha daktari, mimi naona hii ni nafuu kubwa.

Kwa nini jino limekuwa jeusi?
Swali hili mzazi ajibiwe kabla ya kupakwa, si baada. Fedha ikishaingia kwenye sehemu iliyooza hugeuka nyeusi, na weusi huo hautoki kwa mswaki. Sehemu ya jino isiyooza haibadiliki. Dawa ikigusa ngozi huacha doa la kahawia linalofifia baada ya siku kadhaa, lakini kwenye nguo halitoki. Kwa gego la nyuma wengi hawajali. Kwa meno ya mbele, uliza kwanza kama kuna njia nyingine.

Nani asipakwe?
Mwenye mzio wa fedha, au mwenye vidonda mdomoni kwa wakati huo. Jino linalouma lenyewe usiku, au lenye jipu kwenye fizi, limeshaoza hadi kwenye neva. Hilo linahitaji matibabu mengine, na kulipaka ni kuchelewesha tu.

Kupakwa mara moja kunatosha?
Mara nyingi hapana. Kurudia kila baada ya miezi sita huleta matokeo mazuri zaidi. Tundu nalo linabaki palepale, chakula kitaendelea kunasa, kwa hiyo mswaki na dawa ya meno yenye floraidi haviachwi. Baadaye daktari anaweza kuliziba.

Nitajuaje kuoza kumesimama?
Daktari hupapasa kwa kifaa chake. Palipokuwa na rangi ya manjano na ulaini kama jibini, sasa pawe peusi, pagumu, panateleza. Pakiwa bado laini, hupakwa tena.