Je, wajua kwa nini chuo humwajiri kocha aliyekwisha kuadhibiwa?

Kosa la Kelvin Sampson lilikuwa simu. Akiwa kocha wa mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Oklahoma, yeye na wasaidizi wake waliwapigia wachezaji wa sekondari, ili kuwavuta chuoni, simu 577 zisizoruhusiwa. Machi 2006, kesi ikiwa bado haijaamuliwa, Chuo Kikuu cha Indiana kikamchukua. Miezi miwili baadaye NCAA, inayosimamia michezo ya vyuo Marekani, ikampiga marufuku ya mwaka mmoja kuwapigia wachezaji hao. Akapata mwanya: msaidizi anapiga, mchezaji akipokea, kocha anaunganishwa. Ikagundulika, na Februari 2008 akaondoka Indiana na dola 750,000 mkononi. Msimu uliofuata Indiana ilishinda mechi 6, ikafungwa 25.

Tazama nani aliumia. Matokeo kufutwa, nafasi za ufadhili kupunguzwa, miaka ya kuwekwa chini ya uangalizi: hayo yote huangukia chuo, na wachezaji ambao pengine hawakujua lolote. Kocha hubeba begi lake na ujuzi wake.

NCAA ina adhabu inayomfuata mtu. Chuo kinachotaka kumwajiri kabla haijaisha hulazimika kujieleza mbele ya kamati kwa nini nacho kisiadhibiwe. Sampson alipewa miaka 5. Akaenda kuwa kocha msaidizi NBA, ligi ya kulipwa, ambako mkono wa NCAA haufiki, akasubiri.

Chuo Kikuu cha Auburn hakikusubiri hata kidogo. Kilimwajiri kocha Bruce Pearl Machi 2014, adhabu yake ya miaka 3 ikiwa imebakiza miezi 5. Pearl aliwadanganya wachunguzi kuhusu mchezaji wa sekondari ambaye yeye Pearl alimwalika nyama choma nyumbani kwake, kosa ambalo kwangu ni zito kuliko simu zote zile. Mwaka 2019 akaifikisha Auburn nusu fainali ya taifa kwa mara ya kwanza. Miezi mitano ilikuwa bei ya kutupa.

Sampson naye alichukuliwa 2014 na Chuo Kikuu cha Houston, alikotoka nyota wa NBA Hakeem Olajuwon. Chuo hicho hakikuwa kimeshinda hata mechi moja ya mashindano ya taifa tangu 1984. Kikashinda 2018, na 2025 kikafika fainali, kikafungwa na Florida 65 kwa 63.

Na zile simu? Juni 2012 NCAA ilifuta ukomo wake: makocha wa kikapu cha wanaume wakaruhusiwa kuwapigia vijana waliomaliza mwaka wa pili wa sekondari kadiri wapendavyo.