Udongo wa Goma unavyokisumbua kigunduzi cha mabomu

Wiki mbili zilizopita nililetewa vigunduzi vitatu vya mabomu ndani ya sanduku moja, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye maneno yale yale: "Kinalia ovyo." Kijana aliyevileta ni mtegua mabomu, na uso wake ulionyesha kwamba amelala kidogo.

"Fundi, hizi mashini zimekufa zote," akaniambia. "Tukizishusha chini tu, ni kelele. Tumeshindwa kufanya kazi."

Nikaviwasha kimoja kimoja juu ya meza yangu, nikapitisha gololi ya chuma chini ya kila kichwa. Vyote vilikuwa vizima. Kilichokuwa kinalia ni ardhi yenyewe.

Hii ni kazi yangu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kutengeneza vifaa vya elektroniki vya kijeshi na vya kutegua mabomu. Nilianzia mtaa wa Birere nikifungua redio za watu, nikahamia redio za mawasiliano za magari, halafu vigunduzi. Redio nazipenda bado, ila redio ikiharibika watu wanakosa kusikilizana, wanapiga simu, mambo yanaendelea. Kigunduzi ni habari nyingine. Mtu anaweka goti lake mahali ambapo kigunduzi kimemwambia hakuna kitu.

Kwanza nieleze kinavyofanya kazi, maana nakutana na watu wengi wanaodhani kinaona bomu. Hakioni bomu, wala hakinusi baruti. Kinasikia chuma na metali nyingine tu. Ndani ya kile kichwa cha duara kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Katika vigunduzi vya mapigo, kifaa kinapeleka mkondo wa umeme kwenye koili, halafu kinaukata ghafla. Uga wa sumaku unaanguka, na kama kuna chuma chini, ndani ya chuma hicho vinazuka vijikondo vya umeme vinavyozunguka kwa muda mfupi mno kabla ya kufa. Kifaa kinasubiri mikrosekunde chache, kisha kinatega sikio. Ni kama kubisha hodi mlangoni, ukanyamaza, ukasikiliza kama kuna nyayo ndani. Kinabisha hivyo mamia au maelfu ya mara kila sekunde.

Wazo la kutafuta chuma kwa koili lilikuwepo tangu karne ya 19, lakini kifaa cha kutafuta mabomu ambacho askari mmoja aliweza kukibeba na kukitumia kwa vitendo kilitoka kwa mhandisi wa jeshi la Poland, Józef Kosacki, akiwa Scotland mwaka 1941. Kilikuwa na uzito usiofika kilo 14, na vipande 500 vilipelekwa kwenye mapigano ya El Alamein, Misri, mwaka 1942. Jina lake lilifichwa wakati wa vita kwa sababu familia yake ilikuwa imebaki Poland chini ya Wajerumani. Nikifungua kigunduzi cha siku hizi bado naiona kazi yake mle ndani: koili, sikio, na mtu anayetembea polepole.

Sasa turudi kwenye ardhi yetu. Chukua sumaku ya spika iliyoharibika, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, iburute kwenye mchanga mweusi wa barabarani. Ukiinua utaona ndevu nyeusi zimeota pande zote. Hiyo ni magnetiti, madini ya chuma yaliyotapikwa na Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Mei 2021 ikashuka tena, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Tumejenga juu yake, tumeivunja kwa nyundo, tumeifanya kuta na barabara. Ndani ya mawe hayo mna chembe za sumaku ndogo mno ambazo hazitulii mara moja uga unapokatwa. Zinachelewa kugeuka. Na ucheleweshaji huo unafika kwenye koili wakati ule ule kifaa kinapotega sikio. Kifaa kinasikia jiwe, kinadhani ni chuma.

Vigunduzi vingi vya kisasa vina njia ya kuzoeshwa udongo. Unashika kichwa juu ya ardhi ambayo umehakikisha haina kitu, unabonyeza, unakipandisha na kukishusha taratibu mpaka kifaa kijifunze sauti ya ardhi hiyo na kuiondoa. Hapa Goma shida ni kwamba hatua 20 mbele ardhi si ile tena. Ulikuwa juu ya lava ya 2002, sasa uko kwenye udongo wa zamani, mbele kuna kifusi mtu alichomwaga akijenga. Inabidi uzoeshe upya, na tena upya. Kijana wa sanduku alikuwa anazoesha mara moja asubuhi, basi.

Nilitoka naye nje. Nikamwambia avue saa na mkanda, maana chuma cha kufungia mkanda wake kilikuwa kinakiliza kifaa peke yake. Tukazoesha juu ya mawe ya uani. Viwili vikatulia kabisa. Cha tatu ni cha aina ya zamani, hakina uwezo huo. Kwenye tope la kijijini kitafanya kazi vizuri, juu ya lava hakitafaa kamwe. Nikabandika karatasi mpya: "Kizima. Kisitumike kwenye lava." Akaniuliza kama siwezi kupunguza ukali wake ili kisilie. Naweza. Kuna kitufe cha hilo. Lakini ukipunguza ukali hadi jiwe linyamaze, umenyamazisha pia pini ndogo ya chuma iliyo ndani ya bomu la plastiki, na yapo mabomu ambayo chuma chake chote ni hiyo pini na springi yake.

Watu wa timu huchukia kelele, na nawaelewa. Kila mlio ni lazima uchimbwe taratibu, kwa magoti, kwa kijiko na brashi, na mara nyingi kinachotoka ni msumari au kizibo cha bia ya Primus. Inachosha mwili na moyo. Lakini kigunduzi chenye kelele bado kinakulinda. Kwangu mimi kazi yote ni kuhakikisha kwamba kimya cha kifaa ni cha kweli.

Nasema hivi kwa sababu ya kigunduzi kimoja nilichokirudisha mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Kililetwa kwa sababu ya kutu kwenye sehemu ya betri. Nikasafisha, nikabadilisha vishikio, nikakipima mezani, gololi ikasikika vizuri. Nikasaini. Siku ya pili kiongozi wa timu akanipigia simu. Kabla ya kuingia uwanjani kila asubuhi wanapitisha kifaa juu ya kipande cha majaribio kilichofukiwa kwa kina kinachojulikana. Kifaa hakikusema kitu. Akakitikisa, kikasema. Akakinyoosha tena, kimya.

Nilikifungua mikono ikitetemeka. Kwenye kiungo ambapo kichwa kinakutana na fimbo, waya wa koili ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake. Nje hakuna alama hata moja. Nyuzi zote za shaba zilikuwa zimekatika kwa kukunjwa na kukunjuliwa miaka yote hiyo. Kichwa kikiwa kimelala mezani, ncha ziligusana na mkondo ukapita. Mtu akikiinamisha kama anavyokiinamisha uwanjani, ziliachana. Mezani kwangu nilikuwa nimekipima katika mkao ambao hakuna mtu anayekitumia. Kile kipande kidogo cha chuma kilichofukiwa, na ile tabia ya timu ya kukipitia kila asubuhi bila kuruka hata siku moja, ndivyo vilivyomlinda mtu siku ile.

Tangu hapo kila kigunduzi kinachopita kwangu kinakunjwa na kukunjuliwa mara 40 kikiwa kimewashwa, gololi ikiwa chini yake, visikio masikioni mwangu. Mlio ukikatika hata mara moja, waya mzima unatolewa. Siungi waya wa koili. Nimeona mafundi wazuri wakiunganisha na kufunika kwa gundi, kazi safi kabisa kwa macho, lakini kiungo kinabadilisha tabia ya koili na hakuna anayejua kitakatika lini. Hali kadhalika kapasita au transista ya aina "inayofanana" kutoka redio nyingine. Kwenye redio ya jirani, sawa. Kwenye kigunduzi, kipuri kiwe chenyewe au kifaa kibaki rafuni.

Na vipuri ni mateso. Tangu vita vya Januari 2025 vifike mjini na uwanja wa ndege ukafungwa, kitu kilichokuwa kinakuja kwa ndege kinazunguka kwa barabara na mipaka, na mzigo wenye maneno "kigunduzi" na "mabomu" kwenye karatasi zake hukaguliwa kuliko mzigo wowote. Kazi nayo imeongezeka. Vita vile viliacha makombora na guruneti ambazo hazikulipuka ndani na pembeni ya mji, kwenye mashamba, mahali watoto wanapookota vyuma vya kuuza. Kwa kweli, katika nchi yetu shida kubwa ni masalia ya namna hiyo zaidi ya mabomu ya kutegwa ardhini, ambayo Kongo iliyakataa ilipojiunga na mkataba wa Ottawa, unaoyapiga marufuku, mwezi wa Mei 2002. Kombora kubwa lina chuma kingi, kigunduzi chochote kizima kinalisikia. Kwa sababu hiyo kuna wanaodhani kifaa chochote kinatosha. Hakitoshi, maana kwenye uwanja ule ule wenye kombora hujui kitu kingine kipi kimelala.

Kuhusu betri nitasema kwa kifupi, ingawa nusu ya vifaa "vilivyokufa" ni betri. Betri mpya ya kawaida ina volti 1.5. Ukiipima bila kazi, hata iliyochoka inaweza kukuonyesha 1.4 na ukairidhia. Ipime ikiwa inafanya kazi. Ikianguka hadi 1.0, itupe. Na ukimaliza kazi ya siku, zitoe ndani ya kifaa. Ile kutu ya kijani na nyeupe ninayoikwangua kila wiki ni maji ya betri zilizosahauliwa humo.

Wanaokuja karakanani huishangaa meza yangu. Fundi seremala wa mtaa wa Majengo alinitengenezea bila msumari hata mmoja. Miguu na mbao zimeshikwa kwa vigingi vya mti na gundi. Aliponiuliza sababu nilimpitishia kigunduzi juu ya stuli yake mwenyewe, kikalia kila penye msumari, akaelewa na akaifanya kazi kwa heshima kubwa. Juu ya meza kuna rula ya mbao iliyosimama. Naiweka gololi ya milimita 10, nainua kichwa cha kigunduzi sentimita kwa sentimita mpaka mlio upotee, naandika daftarini. Kila kifaa kina ukurasa wake. Kifaa ambacho mwaka jana kilisikia gololi kwa sentimita fulani, na leo hakifiki hapo, hakitoki mlangoni hata kama kinalia vizuri, mpaka nijue zile sentimita zimeenda wapi. Mara nyingi zimeingia kwenye ufa wa kichwa usioonekana, ambamo umande wa asubuhi unapenya.

Meza ya mbao haitoshi, kwani karibu nami kuna mlehemu wa milango. Akianza kuchomelea, visikio vyangu vinajaa ngurumo na hakuna kipimo cha kuaminika. Tulikubaliana zamani: yeye hula saa saba, mimi hupima saa saba. Leo nimepima vinne. Cha tano, kile cha zamani cha yule kijana ambacho nataka kukijulia umbali wake halisi kabla hakijapelekwa kijijini, kilikuwa kwenye sentimita ya nane wakati mashine ya mlehemu ilipowaka tena. Nimekizima, nimetoa betri, kitapimwa upya kesho.