Je, Wajua Kwa Nini Ngege Alitoweka Katika Ziwa Victoria?

Ukimuuliza mtu yeyote wa kanda ya ziwa ni nani aliyewamaliza samaki wa asili wa Ziwa Victoria, atakujibu bila kusita kuwa ni sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine. Kwa upande wa furu, wale samaki wadogo wenye mifupa mingi, jibu hilo lina ukweli mkubwa. Kwa upande wa ngege halitoshi, kwa sababu sangara walipofurika ziwani katika miaka ya 1980, ngege, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa kitoweo katika ziwa hilo, alikuwa tayari ni adimu. Aliyechangia sana kumwondoa ni jamaa yake wa karibu, sato, na alifanya hivyo bila kumla.

Jambo hili wanabaiolojia huliita ushindani, na neno lenyewe linaweza kupotosha, kwani msomaji hudhani ni mapigano. Spishi mbili zinaweza kushindana pasipo kugusana kamwe. Inatosha kwamba zote zinategemea chakula kilekile, au mazalia yaleyale, na kwamba kitu hicho hakitoshi wote. Mwaka 1934 mwanasayansi wa Kisovieti, Georgy Gause, alichapisha matokeo ya majaribio aliyofanya kwa paramesia, viumbe vya seli moja vinavyoishi majini. Kila spishi ilipofugwa peke yake ilistawi vizuri. Alipoziweka spishi mbili katika chombo kimoja zigombee bakteria walewale, moja iliongezeka na nyingine ikapungua hadi ikatoweka, ingawa hakuna iliyoishambulia nyenzake. Lakini alipoibadilisha ile iliyoshinda kwa spishi ya tatu, ambayo ilijipatia chakula chake chini ya chombo huku mwenzake akila juu, zote mbili ziliendelea kuishi. Kwa maneno mengine, wanaokula sahani moja hawakai pamoja muda mrefu, isipokuwa wagawane sahani.

Furu ni ushahidi mkubwa wa mgawanyo huo. Ziwa Victoria lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, na baada ya maji kurudi, kipindi ambacho ni kifupi mno katika historia ya viumbe, zilitokea humo spishi za furu zipatazo 500. Wapo waliokwangua mwani kwenye miamba, waliovunja konokono kwa meno ya kooni, waliokula viluwiluwi vya wadudu kwenye tope, na hata waliopora mayai na watoto kutoka kinywani mwa furu wa kike wanaoatamia humo. Wengine waligawana kina cha maji. Spishi moja ya kupendeza, ambayo dume lake ni jekundu na ambayo jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, huishi chini kidogo kuliko ndugu yake mwenye rangi ya samawati, na majike huchagua madume kwa rangi. Mia tano ni idadi kubwa mno kuishi pamoja katika ziwa moja, lakini iliwezekana kwa sababu kila mmoja alikuwa na riziki yake.

Ngege naye alikuwa na riziki yake: alichuja mwani mdogo unaoelea majini, kazi ambayo wachache waliiweza kama yeye. Pigo la kwanza halikutokana na samaki. Mnamo mwaka 1905 nyavu za makila, yaani zile zinazomnasa samaki kwenye matamvua, zililetwa upande wa Kenya, na wavuvi wakavua ngege kwa wingi ambao mitego ya zamani isingeweza kuufikia. Uchunguzi uliofanywa na Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, mwaka 1927 na 1928 ulionyesha kwamba samaki hao walikuwa wakipungua, naye akapendekeza matundu ya wavu yasiwe chini ya inchi tano. Kisha, katika miaka ya 1950, wakati ambapo uvuvi ulikuwa umekwisha kudhoofika, sato wakapandikizwa ziwani kwa nia ya kuuinua.

Hapo ndipo ushindani ulipofanya kazi yake. Sato hakuchagua chakula. Alikula mwani, masalia ya mimea, wadudu na hata samaki wadogo, kwa hiyo chakula kimoja kilipopungua alihamia kingine, ilhali ngege alibaki na kile kimoja. Sato alikua zaidi, na alihitaji maji yaleyale ya kina kifupi kwa ajili ya kuzalia na kulelea watoto. Zaidi ya hayo, spishi hizi mbili zina undugu wa karibu kiasi cha kuzaliana, na machotara wao wamepatikana. Kwa maoni yangu hii ndiyo sura ya ushindani inayosahaulika zaidi: spishi inaweza kupotea hata bila kufa, kwa kumezwa kidogo kidogo ndani ya damu ya jirani yake mwenye idadi kubwa.

Ni vigumu kusema kwamba sato peke yake angemmaliza ngege mwenye afya na idadi kamili. Ushindani kwa kawaida husukuma spishi pembeni, ukaibakishia eneo dogo na watoto wachache, na hapo wavu, ugonjwa au mabadiliko ya maji humalizia. Furu walipata msiba wa namna hiyohiyo kutoka pande mbili: sangara, ambao jike lao hutaga mayai mamilioni, waliwala, huku maji yakizidi kuwa na tope na mwani kiasi kwamba majike hayakuweza tena kuzitofautisha vizuri rangi za madume, na spishi zikaanza kuchanganyika. Inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka. Dagaa, ambao huzaa haraka, waliongezeka wakachukua chakula cha furu waliokuwa wakila viumbe wadogo wanaoelea.

Ngege wenyewe bado wapo, lakini nje ya ziwa kuu. Baadhi wamesalia katika Ziwa Kanyaboli, ziwa dogo la Kenya lililotengwa na Ziwa Victoria na kinamasi cha Yala, ambako mafunjo ni mengi na hewa ndani ya maji ni kidogo, hali ambayo sangara hawaivumilii. Kwenye masoko ya Uganda na ya pwani ya Waluo jina la ngege halijafa hata kidogo. Ukiagiza ngege utaletewa samaki mnono, mbichi au wa kukaanga, na samaki huyo ni sato.